Ofisi, kamati, idara au baraza la jamii: kitivo cha elimu kiweke wapi kazi ya usawa?

Karibu kila kitivo cha elimu hufika hapa. Bodi imekaa, imekubaliana kwamba suala la usawa na uhusiano na jamii lisiachiwe huruma ya mtu mmoja mmoja. Kisha amidi, yaani mkuu wa kitivo, anauliza, "Sasa tunaliweka wapi?" Chumba kinanyamaza. Mmoja anataka ofisi yenye mlango na kibao. Mwingine anaona kamati inatosha. Wa tatu anasema kila idara ibebe lake. Wa nne, na mara nyingi ni yule msimamizi wa mazoezi ya kufundisha anayewajua walimu wakuu kwa majina, anauliza mbona wenye jambo lao hawamo chumbani.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo nikiwa mhadhiri, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa pili, mwalimu wa shule iliyopokea wanafunzi wa chuo. Njia zote nne nimeziona zikifanya kazi, na zote nne nimeziona zikifa. Ninaandika kwa ajili ya yeyote aliyepewa kazi ya kupendekeza moja na bado hajui aanzie wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana mijadala mingi huvunjikia hapo. Ukiwagawa wanafunzi kwenye shule za mazoezi kwa kura, umewatendea sawa. Lakini anayetumia kiti cha magurudumu akiangukia shule ya ghorofa, na mama anayenyonyesha akapangwa mwendo wa saa tatu kwa basi, kura hiyo haikuwa ya haki hata kama aliyechota karatasi alifumba macho. Nikisema usawa hapa, nakusudia haki hiyo: kila mtu apate kinachomwezesha kusoma, kufundisha na kusikilizwa, hata kama vipimo vitatofautiana. Nikisema jamii, nakusudia wazazi, walimu wa shule tunazopeleka wanafunzi, vyama vya watu wenye ulemavu, viongozi wa mitaa, na vijana walioacha shule ambao hakuna kikao kinachowaita.

Vitivo vingine navyo vina deni hili, ila letu ni kubwa zaidi. Mwalimu mmoja anayepokea darasa jipya la watoto 40 kila mwaka kwa miaka 30 atakuwa amewashika watoto 1,200. Upendeleo aliotoka nao kwetu, au jicho la haki alilotoka nalo, utawafikia wote hao.

Vigezo vya kulinganisha

Nimepima kila njia kwa mambo manne.

La kwanza ni mamlaka. Kitivo kina sehemu chache ambako haki hupatikana au hupotea kweli: udahili, ajira na upandishaji vyeo, mtaala, upangaji wa mazoezi ya kufundisha, na utafiti unaofanywa mashuleni. Muundo unaopendekezwa unaweza kubadilisha uamuzi gani kati ya hiyo? Ukijibu kwamba utatoa ushauri, uliza tena: ushauri ukikataliwa, anayekataa anatakiwa kueleza sababu kwa maandishi?

La pili ni muda na fedha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mahali methali hiyo inapotimia kama kwenye kazi za usawa vyuoni. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Amado Padilla aliipa hali hii jina, kodi ya kiutamaduni: wahadhiri wachache wanaotoka katika makundi yaliyobaguliwa huombwa kukaa kila kamati, kuwalea wanafunzi wote wa kwao na kuiwakilisha taasisi kila inapotaka kuonekana vizuri, halafu siku ya kupandishwa cheo wanaulizwa machapisho yako wapi. Muundo wowote usiosema kazi hii inahesabiwa wapi katika mzigo wa kazi unatoza kodi hiyo upya.

La tatu ni sauti ya jamii. Kipimo ninachokiamini bado ni ngazi ya vidaraja 8 aliyoichora Sherry Arnstein mwaka 1969 alipokuwa akieleza ushiriki wa wananchi katika mipango ya miji. Vidaraja viwili vya chini havina ushiriki wowote. Watu wanaendeshwa tu. Vitatu vya kati ni vya maonyesho: unapewa taarifa, unaulizwa maoni, unatulizwa kwa kiti kimoja mezani. Vitatu vya juu ndivyo vyenye ubia na mamlaka halisi. Vitivo vingi vinavyosema vinashirikisha jamii viko kwenye vile vitatu vya kati, na huwa vinaamini kwa dhati kwamba viko juu.

La nne ni uhai: nini kitabaki amidi akibadilika, mfadhili akiondoka, au yule mtu mmoja aliyeubeba mzigo akihamia chuo kingine? Pamoja na hilo nimetazama kama mtu wa nje anaweza kujua kazi imefanyika au haikufanyika.

Njia ya kwanza: ofisi ya usawa na jamii

Hapa kitivo kinateua mtu wa kudumu, naibu amidi au mratibu, mwenye ofisi, bajeti na pengine msaidizi. Sehemu nyingine huitwa dawati.

*Mamlaka.* Yote yanategemea kiti. Mratibu mwenye kura kwenye bodi ya kitivo, anayeona orodha za udahili na za waombaji kazi kabla hazijafungwa, anaweza kusimamisha jambo. Asiye na hayo hugeuka mwandishi wa taarifa za mwaka. Ila kuna jambo moja ambalo ofisi hulifanya kuliko njia nyingine zote: kupokea malalamiko. Mwanafunzi aliyetukanwa na mwalimu mlezi kwa sababu ya kabila lake, au aliyeombwa rushwa ya ngono ili apewe alama za mazoezi ya kufundisha, hawezi kwenda kulieleza mbele ya kamati ya watu 11. Anahitaji mlango mmoja unaofungika na mtu mmoja mwenye wajibu wa kutunza siri.

*Muda na fedha.* Kazi ina mwenyewe na ina mshahara, na hilo peke yake linapunguza ile kodi niliyoitaja. Hatari ni mshahara kula fungu lote. Nimeona ofisi yenye mratibu mzuri na kompyuta mpya ikikosa nauli ya kumpeleka mkalimani wa lugha ya alama shuleni.

*Sauti ya jamii.* Mzazi au mwalimu mkuu anajua abishe wapi, na hilo ni faida kubwa kwa watu ambao chuo huwaonekea kama ngome. Lakini mlango mmoja unaweza pia kuwa chujio. Mambo ya jamii yakianza kufika kwenye bodi kwa tafsiri ya mtu mmoja tu, hata akiwa mwema, jamii imepanda kidaraja kimoja na kukwama hapo. Mfano unaotajwa sana wa ofisi iliyokwepa mtego huo ni kituo cha ubia na jamii kilichoanzishwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1992, ambacho leo kinaitwa Netter Center. Kituo hicho kiliunganisha kozi za chuo na shule za mtaa wa jirani, hivyo wahadhiri na wanafunzi wakawa wanakutana na shule moja kwa moja.

*Uhai.* Ikiwa kwenye bajeti ya kawaida ya chuo, hudumu. Ikiwa kwenye fedha za mradi, hesabu miaka ya mradi. Kuna na udhaifu mwingine usioonekana kwenye hesabu: ofisi ikishakuwepo, wengine hupumzika. "Hilo mpelekee mtu wa usawa," wanasema, hata pale jambo lenyewe ni mtihani walioutunga wao.

*Inamfaa nani.* Kitivo kikubwa chenye wanafunzi wengi na idara nyingi, na zaidi ya yote kitivo ambacho malalamiko yake yanazungumzwa koridoni kwa sababu hayana pa kwenda.

Njia ya pili: kamati ya kudumu

Wajumbe wanatoka kila idara, wanafunzi wanaleta mwakilishi, jamii inapewa kiti kimoja au viwili. Kuna mwenyekiti, katibu na hadidu za rejea. Ndiyo njia rahisi kuanzisha, na kwa sababu hiyo ndiyo inayochaguliwa mara nyingi bila kufikiriwa.

*Mamlaka.* Kamati hushauri. Nguvu yake hutoka kwenye jinsi taarifa yake inavyofika bodini. Ikiwa ni ajenda ya kudumu, inayosomwa mapema na kupigiwa kura, ina meno. Ikiwa ni kipengele cha mwisho kabla ya "mengineyo", wajumbe wakiwa tayari wamefunga mikoba, haina. Nzuri yake ni kwamba uamuzi ukishapita kwenye kamati una watetezi katika kila idara.

*Muda na fedha.* Hapa ndipo pabaya. Kamati haina mshahara, kwa hiyo huonekana haina gharama. Gharama ipo, ila inalipwa na watu walewale wachache kwa saa zao za jioni. Kitivo kinachochagua njia hii kiandike kwamba mwenyekiti anapunguziwa kozi moja. Kikishindwa hilo, kitakuwa kimeonyesha thamani kinayoipa kazi hii.

*Sauti ya jamii.* Kuna kikao sijakisahau. Tulikuwa tumemwalika mama mmoja, mzazi wa mtoto kiziwi, awe mwakilishi wa jamii. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Alipewa makabrasha mazito alipofika mlangoni, yameandikwa kwa lugha ya vikao vya chuo, lugha ambayo hata sisi huisoma mara mbili. Aliketi hadi mwisho na hakusema neno. Mwezi uliofuata alirudi, ikawa vilevile. Mara ya tatu hakuja. Kwenye muhtasari wa vikao vyote viwili tuliandika kwamba jamii ilishirikishwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliouthibitisha muhtasari huo. Yule mama alikuwa na mambo ya kutuambia kuhusu walimu tuliowafunza sisi, mambo ambayo hakuna mtu mwingine chumbani angeyajua. Hatukumuuliza hata swali moja.

Kamati inaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo, na ziko zinazofanya. Wawakilishi wa jamii wawe angalau watatu, maana mmoja peke yake ni mgeni daima. Wapelekewe ajenda wiki moja kabla, kwa lugha ya kawaida. Akidi isitimie bila wao. Kipengele hicho cha mwisho ni mstari mmoja tu kwenye hadidu za rejea, lakini hubadilisha saa ya kikao, mahali pa kikao na mwenendo wa mwenyekiti.

*Uhai.* Kwenye karatasi kamati haifi. Hukutana mara nne kwa mwaka, kisha mbili, kisha hukutana pale wakaguzi wa ubora wanapokaribia.

*Inamfaa nani.* Kitivo kinachoanza, ambacho bado hakijajua tatizo lake liko wapi, na kinachohitaji kwanza kuzungumza chenyewe kwa chenyewe. Haifai kabisa kama chombo cha malalamiko.

Njia ya tatu: kazi ndani ya kila idara

Hapa hakuna ofisi wala kamati mpya. Kila idara inaandika upya kozi zake, upimaji wake na utaratibu wake wa ajira kwa kutazama haki, na mkuu wa idara anawajibika kwa hilo kama anavyowajibika kwa ratiba ya mitihani.

*Mamlaka.* Kwa upande wa mtaala, hakuna njia yenye nguvu kama hii. Mwalimu tarajali hujifunza haki pale anapojifunza kufundisha hisabati, kutunga mtihani, kumsikiliza mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani. Ukiweka yote hayo kwenye kozi moja ya hiari ya muhula wa tano, atakayeichagua ni yule aliyekwisha kushawishika. Idara ya upimaji inaweza kuwafundisha wanafunzi kulitambua swali linalompima mtoto utajiri wa kwao badala ya hesabu. Idara ya saikolojia inaweza kuacha kumweka mtoto mwenye ulemavu kwenye sura ya mwisho ya muhtasari wa somo.

Mfano ninaoupenda unatoka Tucson, jimbo la Arizona nchini Marekani. Watafiti Luis Moll na Norma González, wakiwa pamoja na walimu wa shule, waliwaandaa walimu hao kwenda majumbani mwa wanafunzi wenye asili ya Meksiko, safari hii walimu ndio wakiwa wanafunzi, kujifunza familia zinajua nini. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1992. Walikuta maarifa ya kilimo, ujenzi, biashara, dawa za miti, na wakayageuza kuwa masomo ya darasani. Wahadhiri wa mbinu za kufundishia wanaweza kuanza jambo la aina hiyo muhula ujao bila kusubiri bodi, kwa kubadilisha zoezi moja tu la kozi.

*Muda na fedha.* Watawala huipenda njia hii wakidhani ni ya bure. Kuandika upya kozi moja vizuri, pamoja na kutembelea shule na kujaribu mazoezi mapya, ni kazi ya muhula mzima. Na mhadhiri atauliza, kwa haki yake, kama kazi hiyo inahesabika. Mwanaelimu wa Marekani Ernest Boyer alidai mwaka 1990 kwamba kutumia elimu kutatua matatizo ya watu, na ufundishaji wenyewe, vitambuliwe kuwa usomi kamili pamoja na ugunduzi. Miongozo mingi ya kupandisha vyeo bado haijamsikia. Usipougusa mwongozo huo, unawaomba vijana wako wajitolee kuchelewa.

*Sauti ya jamii.* Dhaifu, isipokuwa mazoezi ya kozi yawatoe watu nje ya darasa au yawalete wazazi na walimu wa shule ndani yake wakiwa wafundishaji wanaolipwa. Idara huwa na desturi ya kuzungumza kuhusu jamii kwa ufasaha mkubwa, jamii ikiwa haipo. Asiyekuwepo na lake halipo.

*Uhai.* Kilichoandikwa kwenye muhtasari wa somo na kupitishwa na seneti ya chuo hudumu hata amidi watatu wakipita. Uwajibikaji ndio unaolegea. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: kila idara itasema imefanya, na hakuna atakayeona kwamba wanafunzi wasioona bado wanakwama kwenye maabara ya kompyuta, kwa sababu maabara si ya idara yoyote.

*Inamfaa nani.* Kitivo kidogo ambamo watu wanajuana, au kitivo ambacho shida yake kubwa iko kwenye kile kinachofundishwa. Pia kile chenye wakuu wa idara wenye nia. Wakuu hao wasipokuwepo, usijaribu.

Njia ya nne: baraza la pamoja na jamii

Kitivo na jamii wanaunda chombo kimoja, nusu kwa nusu, chenye makubaliano yaliyoandikwa yanayotaja mambo gani hayapiti bila baraza. Wenyeviti huwa wawili, mmoja kutoka kila upande.

*Mamlaka.* Ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kufika vidaraja vya juu vya ngazi ya Arnstein, kwa sharti kwamba makubaliano yataje mambo halisi. Binafsi ningeanza na matatu: shule zipi zinapokea walimu tarajali na kwa masharti gani, utafiti gani unaingia mashuleni na matokeo yanarudishwaje, na sehemu ya bajeti ya kitivo, hata ndogo, ambayo baraza linaigawa lenyewe. Seneti haitakabidhi vigezo vya udahili, na ni uungwana kuwaambia jamii hivyo tangu siku ya kwanza.

*Muda na fedha.* Ghali, na gharama hazifanani na zile ambazo wahasibu wa chuo wamezizoea. Nauli italipwa siku ileile, maana mzazi hawezi kusubiri hundi ya wiki sita. Posho ya mwakilishi wa jamii isiwe ndogo kuliko ya mhadhiri aliyeketi kiti cha pili yake. Vikao viwe jioni au Jumamosi, vikizunguka kati ya chuo na shule. Watoto wawe na pa kukaa. Na mwaka wa kwanza huenda usitoe waraka hata mmoja, kwa sababu watu watautumia kutoa yaliyowakaa rohoni.

*Sauti ya jamii.* Hapa kuna maswali mawili magumu. La kwanza ni historia. Vitivo vya elimu vina desturi ndefu ya kuitazama shule kama mahali pa majaribio. Mwanafalsafa wa elimu John Dewey alipofungua shule ya maabara katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896 alikuwa na nia njema na mawazo ya kina, lakini neno "maabara" lilibaki, na shule nyingi zilizotembelewa na watafiti tangu wakati huo zinajua maana yake: tunakuja, tunapima, tunaondoka. Baraza likianza bila kulikiri hilo, jamii itakaa kimya kwa adabu.

Swali la pili: jamii ni nani? Ukiita "wawakilishi", watakuja wenye muda, wenye sauti na wenye vyeo. Mwenyekiti wa mtaa atakuja. Binti wa miaka 17 aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito hataletwa na mtu. Viti vingine vitengwe kwa kutaja hali ya mtu, kama vile kijana aliyeacha shule, na kitivo kiende kuwatafuta wa kuvikalia.

Mahali ambapo jamii ilikuwa na mkono tangu mwanzo, matunda yameonekana. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, programu ya ualimu iitwayo NITEP ilianza mwaka 1974 kutokana na msukumo wa waelimishaji wa jamii za wenyeji wa asili, waliotaka walimu zaidi kutoka kwao. Wanafunzi waliweza kuanza masomo kwenye vituo vilivyo karibu na jamii zao kabla ya kwenda chuoni. Chuo kikipanga peke yake, si rahisi kiufikie mpango wa namna hiyo, kwa sababu kwake darasa liko chuoni.

*Uhai.* Baraza hutegemea imani, na imani hukaa kwa watu wawili watatu. Ndiyo maana makubaliano yatiwe sahihi na chuo, yasiishie kwa amidi, na yapitiwe upya kila baada ya miaka michache mbele ya hadhara. Ahadi moja iliyovunjwa huku hugharimu zaidi ya kamati tano zilizolala.

*Inamfaa nani.* Kitivo chenye uhusiano unaoishi tayari na shule zake, au kitivo kilichoharibu uhusiano huo na kilicho tayari kukaa kwenye kiti cha kuambiwa.

Kuchanganya njia

Wengi hatimaye huchanganya, na hakuna ubaya. Ofisi na kazi za idara huenda pamoja vizuri: ofisi inakusanya takwimu na kupokea malalamiko, idara zinashughulika na mtaala, na hakuna anayeingia shamba la mwenzake. Kamati na baraza ndivyo vinavyogombana. Vikiwa vyote viwili, amidi atakipelekea jambo chombo kitakachokubali haraka, na hicho ni kamati. Ukianza na kamati ukitaka baadaye liwe baraza, andika tarehe ya kamati kuvunjwa tangu siku ya kuiunda.

Kwa hali yako

*Hamna takwimu zozote.* Hamjui wanafunzi wangapi wenye ulemavu walidahiliwa na wangapi walihitimu, wala nani hupangwa shule za mbali. Undeni kamati ya miezi 12 yenye kazi hiyo moja, ivunjwe ikishatoa taarifa, ndipo mchague. Msichague muundo wa kudumu gizani.

*Kuna malalamiko mazito yanayojulikana na yasiyoshughulikiwa.* Ofisi, na mapema. Mengine yote yanaweza kusubiri, mwanafunzi mwenye lalamiko hawezi.

*Wahadhiri hawazidi ishirini.* Idara, pamoja na mratibu mmoja aliyepunguziwa nusu ya mzigo wa kufundisha. Kamati katika kitivo cha ukubwa huo itakuwa watu walewale wakikutana kwa jina jingine.

*Mmepata fedha za mfadhili za miaka mitatu.* Jizuieni kuajiri ofisi nzima. Tumieni fedha kuandika upya kozi, kuwafunza walimu walezi mashuleni, kurekebisha majengo na maabara. Vitu hivyo havirudishwi mradi ukifungwa. Kama lazima muajiri, pateni kwanza barua ya chuo inayoahidi kuibeba nafasi hiyo mwaka wa nne.

*Shule jirani zimechoka nanyi.* Walimu wakuu hawajibu barua, au wanajibu kwa upole bila kuwapokea wanafunzi wenu. Msianze na muundo. Rudisheni kwanza matokeo ya tafiti mlizokwisha kufanya huko, kwa mkono, kwa lugha inayosomeka, na mkae mpaka maswali yaishe. Baraza lije baada ya hapo, kama wao watalitaka.

*Wewe ni mhadhiri kijana, umeombwa uongoze kazi hii, na umeombwa kwa sababu ya unapotoka.* Kabla ya kukubali, pata kwa maandishi saa ulizopunguziwa, fungu la bajeti, jinsi kazi itakavyohesabiwa kwenye upandishaji vyeo, na tarehe ya kumkabidhi mwingine. Ukikosa mawili kati ya hayo, una haki ya kukataa, na kukataa kwako hakuisaliti jamii yako.

*Wewe ni mzazi au mwalimu mkuu, umepokea barua ya mwaliko kutoka chuoni.* Uliza chombo hicho kinaamua nini na kinashauri nini tu, wangapi kama wewe watakuwepo, kikao ni saa ngapi, na nauli inalipwa lini. Omba pia kuona jambo moja ambalo kitivo kilibadilisha mwaka jana kwa sababu mtu wa nje alisema. Wakikuonyesha, nenda. Wakisema ndio kwanza wanaanza, nenda pia, lakini usiende peke yako.